Chupa tatu za Laphroaig: nianze na ipi, nitie maji kiasi gani?

SWALI: Nina chupa tatu za wiski ya Laphroaig: ya miaka 10, Quarter Cask na 10 Cask Strength. Nilizionja mfululizo usiku mmoja. Ya kwanza ilikuwa moshi, ya pili moshi, ya tatu ikaniunguza ulimi hata nisipate ladha yoyote. Zinatofautiana kweli, au nimelipia lebo tu? Niko Dar es Salaam.

JIBU: Zinatofautiana, ila ulicholinganisha wewe ni ukali wa kilevi. Soma lebo. Ya miaka 10 ina 40% (inayouzwa Marekani ina 43%), Quarter Cask ina 48%, na Cask Strength (inayotiwa chupani bila kupunguzwa kwa maji) hubadilika kwa kila toleo, kwa kawaida kati ya 55% na 60%. Kilevi kikipanda kiasi hicho, ulimi hufa ganzi na pua hufunga. Kwa hiyo zisawazishe kwanza zote zifike 40%.

Hesabu ni hii: chukua ujazo wa wiski, zidisha kwa asilimia ya lebo, gawanya kwa 40, kisha toa ujazo ulioanza nao. Kwa mililita 20 za Quarter Cask, maji ni mililita 4. Kwa mililita 20 za Cask Strength yenye 58%, maji ni mililita 9. Usikadirie kwa macho. Nunua sindano ya mililita 10 duka la dawa, utumie bila ncha yake.

Maji yenyewe yawe ya chupa, yenye madini kidogo. Ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na fenoli za moshi inaweza kuzaa klorofenoli, ambazo hata kwa kiasi kidogo mno hunuka dawa ya hospitali. Laphroaig tayari ina harufu ya aina hiyo kwa asili yake, hivyo hutajua lipi limetoka chupani na lipi bombani.

Joto la Dar nalo linachangia. Kwenye nyuzi 30 kilevi hupanda puani kabla ya kitu kingine chochote. Washa kiyoyozi, au weka chupa kwenye friji hadi zikaribie nyuzi 20, usipitilize, maana baridi nayo huficha harufu. Barafu iache kabisa kwa kazi hii. Tumia glasi tatu zinazofanana, zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, uzifunike kwa visahani dakika 10 baada ya kuchanganya.

Sasa, utafute nini? Moshi usiutafute. Zote tatu zinatoka mitambo ileile ya kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1815 pwani ya kusini ya kisiwa cha Islay, Scotland, na shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo wa mimea iliyooza unaochimbwa na kuchomwa kama kuni. Moshi ndio zinaochangia. Nusa mpaka pua iuzoee. Kinachobaki ndiyo tofauti, na nyingi inatokana na pipa.

Quarter Cask humalizia kukomaa katika mapipa madogo ya lita 125 hivi, badala ya yale ya kawaida ya bourbon (wiski ya Marekani) ya lita 200. Kwa mapipa ya umbo moja, hilo huongeza eneo la mbao kwa kila lita kwa takriban 17%. Tarajia vanila, nazi iliyokaangwa na viungo vya mbao. Lebo haitaji umri, na kwa maoni yangu ujana wake unasikika: utamu uko mbele, ukakasi nyuma. Ya miaka 10 ni kavu zaidi, yenye chumvi, mwani na iodini. Cask Strength ikishapunguzwa husogea karibu na hii ya miaka 10, lakini ni nzito zaidi mdomoni, kwa kuwa haikuchujwa kwa baridi, yaani haikupozwa na kuchujwa ili kuondoa mafuta. Ndiyo maana maji yanaweza kuitia ukungu. Ni mafuta na esta (kemikali za harufu) zake tu, haijaharibika. Rangi isikushawishi, kwa sababu sheria ya wiski ya Scotland inaruhusu karameli ya kutia rangi.

Ukitaka uhakika, mwombe mtu akumiminie glasi mbili za aina moja na moja ya nyingine bila wewe kuona, utaje iliyo tofauti. Ukipatia mara 4 au zaidi kati ya 5, uwezekano wa kufikia hapo kwa kubahatisha tu ni chini ya 5%. Tema badala ya kumeza, maana mililita 20 za kila chupa pekee zina jumla ya mililita 29 za kilevi halisi. Na kama chupa moja imekaa miezi ikiwa imebaki robo tu, ilhali nyingine umeifungua jana, jaribio halina maana: hewa huufifisha moshi.

Kuhusu hela: mililita 700 za 58% zikipunguzwa hadi 40% huwa mililita 1,015. Kama Cask Strength inauzwa chini ya mara 1.45 ya bei ya chupa ya miaka 10, hujaibiwa. Quarter Cask kikomo chake ni mara 1.2, zaidi ya hapo unalipia pipa, na hilo ulilipie tu ikiwa jaribio la glasi tatu limeonyesha kuwa unalitambua.