Barua kwa mwanangu kuhusu entropia

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata. Unasema nishati umeielewa, ila entropia inakuponyoka: mwalimu mmoja aliiita vurugu za chembe, mwingine akaandika joto kugawanywa kwa halijoto, akaendelea na somo. Unataka kujua msingi wake hasa ni upi.

Chembe ziweke kando kwanza. Mwanafizikia Clausius alipoipa entropia jina mwaka 1865, wanasayansi walikuwa bado wanabishana kama atomu zipo. Tazama jaribio la mwanafizikia Joule: mzigo unashuka, unazungusha makasia ndani ya maji, maji yanapata joto. Mzigo wa kilo 427 ukishuka mita 1, kilo 1 ya maji hupanda takriban nyuzi 1 ya Selsiasi. Sasa subiri maji yale yapoe yenyewe, yazungushe makasia na kuupandisha mzigo. Utakesha! Na nishati wala haikatazi, maana hesabu yake ingetimia vilevile.

Basi kuna kitu kingine kinachokataza kurudi huko, na katazo hilo ndilo msingi wenyewe. Mwaka 1909 mwanahisabati Carathéodory alisema kwamba jirani na kila hali ya kitu zipo hali nyingine ambazo huwezi kuzifikia bila kuingiza au kutoa joto. Mwaka 1999 wanafizikia Lieb na Yngvason wakaenda mbali zaidi, wakaanza bila hata kulitaja joto. Waliuliza tu: je, naweza kutoka hali hii nikafika ile, na huko nje kisibadilike kitu ila mzigo kupanda au kushuka? Kutoka maji baridi kwenda ya moto, ndiyo. Kurudi, hapana.

Ongeza masharti machache. Lililo zito, ambalo vitabu vingi hulipita kimya, ni kwamba katika hali mbili zozote za kitu kilekile, angalau moja iweze kufikiwa kutoka kwa nyenzake. Hapo hisabati inakupa nambari kwa kila hali, na ukitoka hali moja kwenda nyingine kwa njia ile ya mzigo, nambari haishuki kamwe. Hiyo ndiyo entropia. Halijoto nayo huzaliwa humo: kadiri ongezeko la entropia linavyokuwa dogo kwa nishati ileile uliyoongeza, ndivyo kitu kilivyo cha moto zaidi. Mimi hapa huwa nastaajabu kila ninapolisoma.

Mwalimu wa vurugu hakukudanganya. Mwanafizikia Boltzmann alieleza kwa chembe kwa nini nambari hiyo hupanda. Ila kumbuka, yote haya ni ya vitu vilivyotulia. Kwenye mwali wa moto unaowaka, nambari moja huenda isitoshe.

Niandikie ukikwama kwenye lile sharti zito.

Mama yako