Taa za omena, nyota, na picha niliyoirudia mara tatu

"Hii ni saa ngapi?" mzee aliniuliza, simu yangu mkononi mwake.

"Saa tatu usiku, mzee."

"Saa tatu ya wapi?"

Tulikuwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ufukweni Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, asubuhi, omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa nyuma yetu. Picha yenyewe nilikuwa nimeipiga pale pale mwezi uliotangulia, nikaunganisha picha saba kwa programu ya HDR, ile inayochanganya picha za mwanga tofauti ziwe moja, nami nilijiona nimefika. Hakuna kilichofichika: kamba, nyasi, mgongo wa kisiwa cha Mfangano ng'ambo, hata rangi ya ndoo. Mzee akaikuza kwa vidole viwili, akacheka. "Na hizi taa zote ni za nani? Mimi ninazo nne. Ningekuwa na hizi zote, nyumba ningekuwa nimeimaliza."

Alikuwa ameona makosa yangu mawili makubwa kwa dakika moja, na hajawahi kushika kamera. Usiku wangu haukuwa na usiku, na taa zake nilikuwa nimezizalisha.

Kwa anayeanza, shida iko hivi. Taa ya omena inawaka kwa nguvu, na kilima kilicho nyuma yake ni cheusi tii. Ukipima mwanga kwa taa, kilima kinageuka shimo. Ukipima kwa kilima, taa inakuwa doa jeupe lisilo na umbo. Ndiyo maana tunapiga picha kadhaa za mahali pamoja, kila moja na mwanga wake, kisha tunachukua kutoka kwa kila moja kile ilichokishika vizuri. Mimi kazi hiyo ya kuchukua niliiachia programu. Programu haijui taa ni kitu gani. Taa za omena huelea juu ya vyelezo na husogea na maji. Taa iliyosogea kidogo kati ya picha ya kwanza na ya saba, kwa programu ni taa saba.

Nikarudi kazini upya, safari hii nikianzia kwa wavuvi. Omena huvuliwa vizuri wakati wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, samaki hawana haja ya kuifuata taa. Nasi tunaopiga picha za nyota tunalitaka giza hilo hilo. Kwa hiyo siangalii tena programu ya mwezi kwenye simu, napiga simu ufukweni na kuuliza, "Watu wanatoka lini?" Wakitoka wao, natoka mimi: matatu ya Kisumu hadi Luanda K'Otieno, kisha feri ya Mbita. Ukifika, pita kwanza kwa watu wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, ujieleze. Mtu anayezunguka ufukweni usiku na begi jeusi bila salamu hana wa kumlaumu akiulizwa maswali magumu. Tena utataka ujulikane upo, maana viboko nao hupanda kula nyasi saa hizo, na wenyeji ndio wanaojua wanapopitia. Tochi yangu ni ya mwanga mwekundu, na siielekezi majini kamwe.

Miezi ninayoipenda ni Septemba na Oktoba, mvua za vuli hazijakolea. Jioni ya miezi hiyo kiini cha Njia ya Maziwa kimeshavuka kilele chake, kinashuka kusini-magharibi, yaani juu ya ziwa hasa ukiwa Rusinga. Huhitaji kukesha.

Unachohitaji ni kuwahi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na jua letu halizami kwa mshazari kama kule Ulaya wanakotoka wengi wa walimu wetu wa YouTube. Linazama wima. Wao husema subiri saa nzima ya bluu, ule mwanga wa samawati baada ya jua kuzama. Hapa saa hiyo ni dakika ishirini hivi. Miezi hiyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasorobo, na kabla ya saa mbili giza limeshatanda kamili. Mara yangu ya pili niliharibu hapo. Nilifika saa moja na robo nikihema, bluu imekwisha, nikapiga tu kilichobaki.

Sasa saa kumi na mbili kamili tripodi imeshasimama na haitasogezwa hadi saa nne. Miguu naikandamiza kwenye mchanga mpaka igome, na begi nalitundika katikati. Kidhibiti mtikisiko cha lenzi nakizima, shata naifyatua kwa kuchelewesha sekunde mbili. Kila kitu RAW, yaani faili ghafi. Mwanga wa bluu ukifika napiga picha ya ardhi: tundu la lenzi f/8, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, sekunde mbili hadi nane, naongeza kadiri kunavyozidi kuwa giza. Hiyo ndiyo itakayonipa umbo la mitumbwi na kilima bila chenga, zile punje zinazochafua picha za gizani.

Giza likiingia, nalenga taa ya mbali kwa mkono, naikuza kwenye kioo cha kamera hadi iwe nukta, kisha nafunga pete ya lenzi kwa selotepu. Selotepu hiyo ni ya shilingi chache na imeniokoa kuliko lenzi yoyote niliyonunua. Baada ya hapo ngazi za taa: ISO 800, tundu la lenzi lile lile, nabadilisha muda peke yake, sekunde 30, 8, 2, na nusu. Kila ngazi ni stopu mbili, yaani karibu robo ya mwanga wa ile iliyotangulia. Ukianza kubadilisha tundu katikati, mng'ao wa taa nao unabadilika umbo, na hazitaungana tena.

Mwisho anga. Lenzi yangu ni ile ya kawaida inayokuja na kamera, 18 hadi 55, kwa hiyo 18mm, f/3.5, ISO 3200. Kanuni ya zamani ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, ukihesabu na udogo wa sensa yangu, inanipa sekunde 18 hivi. Mimi huishia 13, maana kwa 18 nyota huanza kurefuka kama punje za mchele. Napiga 16 mfululizo. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, kwa hiyo 16 zinazipunguza hadi robo. Picha 64 zingezipunguza hadi sehemu ya nane, lakini betri yangu na mimi tunajuana.

Nyumbani, Kisumu, situmii tena kile kitufe kimoja cha kuunganisha. Zile 16 za anga zinakwenda kwenye Sequator, programu ya kuunganisha picha za nyota, ambayo ni ya bure na inaweza kuzilinganisha nyota huku ikiiacha ardhi ilivyo. Kazi iliyobaki naifanya kwa mkono ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, leya juu ya leya, yaani tabaka juu ya tabaka. Ardhi ya saa ya bluu naishusha mwanga stopu mbili au zaidi, mpaka nisikie vibaya kidogo kwa kuipoteza. Juu yake naleta anga kwa maski, pazia linaloficha sehemu moja ya leya na kuonyesha nyingine. Ukingo wa Mfangano ndipo maski nyingi hufia: ukiuacha mkali, unaonekana umekatwa kwa mkasi, ukiulainisha mno, kilima kinavaa taji jeupe. Pikseli mbili tatu zinatosha.

Taa ndizo huchukua jioni nzima. Kwa kila taa nachagua picha moja tu, mara nyingi ile ya sekunde mbili, na mng'ao wake majini lazima utoke kwenye picha hiyo hiyo. Ukichukua taa hapa na mng'ao wake wa majini pale, mtazamaji hatajua kilichoharibika ila atajua kimeharibika. Ile ya nusu sekunde naipaka katikati ya taa tu, kwa brashi laini ya asilimia 20, ili umbo lirudi. Ya sekunde 30 nimekuja kuitumia mara chache sana.

Sheria yangu moja ambayo wenzangu wengine hawaitaki: anga na ardhi ziwe za usiku mmoja na tripodi moja. Nimeona miamba ya Kit Mikayi imevishwa anga ambalo haliwezi kuwa upande ule, na mwezi wa Kisumu mkubwa kuliko mlima. Kuunganisha nafanya, na chini ya picha naandika kwamba nimeunganisha. Kubandika sifanyi. Hata eneo moja linaweza kukugeuka: ufukwe wa Dunga, Kisumu, nilitega mbele ya magugu maji mazuri saa moja, kufikia saa tatu upepo umeyahamisha yote. Picha hiyo niliitupa.

Ya tatu nilimpelekea mzee imechapishwa. Aliishika mbali, kisha karibu. Sehemu ya chini kushoto ni nyeusi kabisa, niliiacha hivyo kwa makusudi, nikawa nangoja aniulize.

"Hapo ndipo nilipokuwa nimeegesha," akasema, kidole juu ya weusi. Kisha akahesabu taa zake kwa sauti. Tatu.

Ya nne ilizimika betri usiku ule, akaniambia.