Maswali ya Wasomaji: Kupungua mwili bila kutegemea mizani

SWALI: Nikipima kwa vijana wa mizani pale mjini napata kilo 84. Kesho yake duka la dawa la mtaani linanipa 87. Mwezi mzima sijui kama ninapungua au ninaongezeka. Nitajuaje bila mizani?
Msomaji wa kike, Kayole

JIBU: Dada, huenda mizani zote mbili hazikukosea sana. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pima asubuhi tumbo likiwa tupu, kisha jioni ukiwa umeshakula ugali, umekunywa chai na umevaa viatu: tofauti ya kilo moja au mbili ni ya kawaida hata kwenye mizani ileile. Chumvi nyingi usiku huufanya mwili ushike maji, na siku zinazotangulia hedhi ni vivyo hivyo. Ongeza hapo mizani ya springi iliyochoka, imewekwa kwenye lami yenye mabonde, na kilo tatu zinapatikana bila mafuta kuhusika hata kidogo.

Nunua tepu ya fundi cherehani. Chukua mpya, kwa sababu iliyotumika miaka hulegea ikavutika na kukudanganya kwamba umepungua. Ilinganishe na rula ya chuma ya sentimita 30, zisipolingana, iache.

Mahali pa kupima ndipo wengi wanapoharibu. Usifuate kitovu, maana tumbo linaloning'inia hukiteremsha, na ukipungua nacho kinahama. Papasa ubavuni upate mbavu ya chini kabisa, kisha shuka hadi ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo weka alama kwa kalamu. Simama wima, uzito ukiwa sawa kwenye miguu yote miwili, zungusha tepu kwenye ngozi tupu na ujitazame kwenye kioo: ikiteremka mgongoni, namba itapanda bure. Iguse ngozi bila kuibana. Pumua kama kawaida, na usome pumzi inapomalizika kutoka. Kujikaza tumbo ni kujidanganya mwenyewe.

Rudia mara tatu. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, anza upya. Vikikaribiana, andika kile cha katikati pamoja na tarehe.

Pima kila baada ya wiki mbili, asubuhi, baada ya kwenda choo na kabla ya chai. Linganisha wiki za mzunguko mmoja wa hedhi na wiki zinazofanana nazo za mwezi uliopita. Kwa watu wengi kilo moja ikiondoka kiuno hupungua kama sentimita moja, ingawa si sawa kwa kila mtu. Anayepunguza nusu kilo kwa wiki atahitaji mwezi kuona sentimita mbili. Ndiyo maana kupima kila siku hakukusaidii: kosa la mkono ni kubwa kuliko badiliko lenyewe. Pima makalio na paja pia, kwa kuwa kuna wanaoanza kupungua huko kabla ya tumbo.

Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari ya maradhi ya moyo na kisukari kuwa imeongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na kuwa kubwa zaidi kikizidi 88 na 102.

SWALI: Nimefanya mazoezi ya vyuma wiki sita. Mizani haijasonga lakini jinzi zinalegea. Je, nimepoteza maji tu?
Msomaji wa kiume, Kasarani

JIBU: Kaka, mtu akipoteza maji mizani ingeshuka. Yako imesimama huku kiuno kikipungua, na kwa anayeanza vyuma hiyo ni dalili kwamba mafuta yanaondoka huku msuli ukijengeka. Kilo moja ya msuli huchukua nafasi ndogo kuliko kilo moja ya mafuta.

Ila jinzi ni shahidi wa kuhojiwa. Nyingi za siku hizi zimechanganywa na uzi unaovutika, na baada ya siku mbili za kuvaliwa hulegea zenyewe. Tafuta moja ya pamba tupu, ngumu, ile ya kizamani. Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi, Nairobi, hukosi. Isiwe suruali yako ya kila siku. Ijaribu mara moja kwa mwezi, ikiwa imefuliwa na kukauka, na uandike: imefika pajani, imepita makalio, imefungwa kifungo, naweza kuketi nayo. Mkanda nao unasema kweli: matundu mengi huachana kama sentimita mbili na nusu, kwa hiyo tundu moja si jambo dogo.

SWALI: Mimi huvaa dera na buibui. Nguo haziwezi kuniambia chochote, na tepu nyumbani hakuna.
Msomaji wa kike, Eastleigh

JIBU: Dera humficha anayenenepa na anayepungua kwa usawa, mama. Chukua uzi usiovutika. Simama bila viatu, ukanyage ncha moja, mtu akate uzi sawa na utosi wako. Ukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni pale tulipomweleza dada wa Kayole. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hicho ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa watu wazima wengi. Zisipokutana, pima pengo kwa rula na uandike. Pengo likipungua mwezi hadi mwezi, unasonga.

SWALI: Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa. Nikipanda ngazi hadi ghorofa ya nne nahema sana. Naweza kutumia ngazi hizo kupima maendeleo yangu?
Msomaji, South B

JIBU: Unaweza, lakini usihesabu wiki za mwanzo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwili uliozoea pwani unahitaji muda. Baada ya hapo panda ngazi zilezile kwa mwendo uleule bila mzigo, na ukifika juu jaribu kusema sentensi ndefu bila kukatiza. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Kadiri mazoezi yanavyokuingia, namba hiyo hushuka. Kumbuka tu kwamba hapo unapima pumzi na moyo. Mafuta yana safari yake.

SWALI: Baba ana presha na kisukari. Kiuno chake kimepungua sana kwa miezi miwili. Tufurahi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Kwanza muulizeni kama amebadilisha chakula au ameanza kutembea. Kama hajafanya chochote, na hasa akiwa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, homa, jasho la usiku au kikohozi cha wiki mbili, mpelekeni hospitali wiki hii.

Ikiwa ni juhudi zake, hongera, lakini dawa za zamani huenda sasa ni kali kwake. Kizunguzungu anaposimama huashiria presha kushuka mno. Kutetemeka, jasho la ghafla na kuchanganyikiwa huashiria sukari kushuka, na hapo apewe mara moja kinywaji chenye sukari. Asijipunguzie dozi mwenyewe. Aende kliniki na daftari la vipimo.

Na kama mzee ana ugonjwa wa moyo au figo, msitupe mizani. Huyo hupimwa kila asubuhi, kwa sababu maji yakijikusanya anaweza kuongeza kilo mbili kwa siku tatu kabla tepu haijaonyesha lolote. Bonyezeni pia muundi wake kwa kidole gumba. Shimo likibaki, msisubiri tarehe ya kliniki.