Maswali yenu: mionzi ya saratani na yanayofuata baadaye

*Dada yangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Kapangiwa mionzi mara 25 Bugando, Mwanza. Kwa nini wasimpige mara moja akarudi? – Mama, Ujiji*

Mama, dozi yote kwa mkupuo ingemuumiza vibaya. Mionzi huharibu vinasaba vya seli, na seli ikishindwa kujigawa hufa. Seli nzima zilizo jirani nazo hupigwa, ila hizo hujitengeneza vizuri zaidi zikipewa nafasi. Ndiyo maana ya siku tano kwa wiki, wiki tano. Kwa saratani hii mara nyingi huongezwa mionzi ya ndani, yaani kifaa cha mionzi huingizwa ukeni kwa muda. Pangeni mapema nauli na pa kulala, maana kukatiza tiba huipunguzia nguvu. Hata ukitokea msiba nyumbani, aongee kwanza na daktari wake.

*Akirudi, wajukuu wakae mbali naye?*

Walale naye kitanda kimoja wakitaka. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, na ile ya ndani, kifaa kikishatolewa, imekwisha. Nisisikie mtu katengewa sahani.

*Nilimaliza mionzi ya nyonga miaka mitatu iliyopita. Sasa naona damu nikienda haja kubwa. Saratani imerudi? – Msomaji, Kasulu*

Si lazima. Mionzi ya nyonga inaweza kudhoofisha mishipa midogo ya damu ya utumbo na kibofu, ikaanza kuvuja miezi au miaka baadaye. Lakini kwa macho hutofautishi, kwa hiyo nenda hospitali, usianze na dawa za bawasiri. Ukifika, kabla ya kipimo chochote sema ulipigwa mionzi na wapi: kukata kipande kidogo cha nyama cha kupima kwenye utumbo wa namna hiyo kunaweza kuacha kidonda kisichofunga.

Na kwa kuwa hukuuliza, nakuambia wewe na wengine: kwa wanawake mionzi hiyo huweza kuubana na kuukausha uke, na hedhi hukoma mapema. Ndoa nyingi huteseka kimyakimya hapo. Vipo vilainishi na vifaa vya kupanulia uke. Muulize nesi bila haya.

*Baba alitibiwa koo kwa mionzi. Kinywa kikavu, hata ugali haupiti. Sasa jino linamuuma, nimpeleke akang'oe? – Kijana, Mwanga*

Subiri kidogo, kijana wangu. Taya iliyopigwa mionzi hupata damu kidogo. Jino likitoka, kidonda kinaweza kisipone na mfupa ukafa, hata ikiwa imepita miaka mingi. Mpeleke kwa daktari wa meno, si kwa mng'oaji wa mtaani, na daktari huyo awasiliane na waliomtibu. Mwombeeni karatasi yenye dozi na sehemu iliyopigwa, aitunze.

Mate yakipungua, meno huoza haraka: apige mswaki kwa dawa yenye floridi, chai isiwe na sukari, maji ya kunywa yawe karibu. Migebuka ya kukaanga iacheni, mpikieni ya mchuzi mwingi. Akiwa mchovu na mwenye kuhisi baridi kila wakati, apimwe damu kuangalia tezi ya shingo, nayo huathirika.