Kabla Hujanunua Darubini kwa Ajili ya Pete za Zohali

Nikiulizwa darubini gani inafaa kuonea pete za sayari ya Zohali, swali langu la kwanza huwa: unataka kuziona mwaka gani? Watu hudhani natania.

Zohali huchukua miaka 29 na ushei kuzunguka Jua, na mhimili wake umeinama kwa digrii karibu 27, ukielekea upande uleule safari nzima. Kwa hiyo kuna miaka tunaziona pete kwa juu, kuna miaka tunaziona kwa chini, na katikati hapo tunaziona kwa ubavu. Ukingo hadi ukingo zinapita kilomita 270,000, lakini unene wake kwa sehemu kubwa ni makumi ya mita tu. Zikikaa ubavu, zimetoweka. Galileo aliona vitu viwili pembeni mwa sayari hiyo mwaka 1610; ilipofika 1612 havipo, naye akabaki kinywa wazi. Ni mwanafalaki Huygens aliyekuja kulieleza jambo hilo kitabuni mwaka 1659.

Safari hii pete zilipotea tarehe 23 Machi 2025, ila angani Zohali alionekana karibu mno na Jua, hatukufaidi kitu. Katikati ya mwaka zikafunguka kidogo, kisha Novemba zikajibana tena hadi chini ya nusu digrii, kwa sababu Dunia nayo haitulii mahali pamoja. Mtoto mmoja wa jirani alichungulia wakati huo akaniambia, "Mjomba, mbona ni mpira umechomwa spoku?" Sijasikia maelezo bora zaidi.

Usiidharau miaka hii ya pete nyembamba. Mwanga wake ukipungua, miezi midogo iliyo jirani nazo huonekana kwa urahisi zaidi. Titani, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, huonekana hata kwa darubini ndogo kama nukta iliyosimama kando. Ichore ilipo, rudi usiku wa pili, utaikuta imehama.

Oktoba 2026 pete zitakuwa zimeinama kwa digrii kama 7, na tarehe 4 Dunia itakuwa katikati ya Jua na Zohali, naye atachomoza jua linapozama. Sisi wa Nairobi, Kampala na Dar tuna shida yetu hapo: usiku wa manane anapita karibu na utosini, na darubini nyingi zinasumbua kuelekezwa juu kabisa, shingo nayo inalalamika. Toka saa tatu au saa nne usiku, akiwa bado upande wa mashariki.

Kuhusu kununua, maboksi ya darubini yanayojisifu kukuza "mara 525" yapite tu. Lenzi ya milimita 60 haistahili kusukumwa zaidi ya mara 120 hivi. Ukizidisha unakuza ukungu. Mara 50 zinatosha kuonyesha pete. Weka hela kwenye stendi isiyotikisika. Wanaotaka ule ufa mweusi wa Cassini, yaani pengo lililo kati ya pete mbili kubwa, uonekane vizuri kuzunguka pete, wasubiri: zitaendelea kupanuka hadi karibu 2032, safari hii tukitazama uso wa kusini. Ila mimi ningenunua sasa, kwani baada ya hapo zitaanza kufunga, na 2038 zinakaa ubavu tena.