Deni Lililofutwa Vitabuni Bado Linadaiwa

Katika miaka niliyohudumu kwenye kamati ya mikopo ya sacco yetu hapa Kenya, hakuna kauli iliyowapotosha wanachama kama ile ya kufutwa kwa deni. Mtu akiisikia humshukuru Mungu na kudhani amesamehewa, ilhali mhasibu alikuwa anazungumzia vitabu vyake tu.

Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, benki hulazimika kuuweka katika kundi la mikopo isiyolipika na kutenga fedha za kufidia hasara inayotarajiwa. Matumaini yakiisha kabisa, mkopo huo huondolewa kwenye hesabu ya mali za benki, ili vitabu visionyeshe utajiri usiokuwapo. Haki ya kudai haiondoki: mkopeshaji bado anaweza kukutumia wakala wa kukusanya madeni, kuuza dhamana au kuwageukia wadhamini, ambao katika sacco huumia haraka kwa kuwa akiba zao zimo humo humo. Msamaha wa kweli hutolewa kwa maandishi yanayotamka kwamba hudaiwi tena.

Kama deni lako limefutwa vitabuni tu, usijifiche. Huo ndio wakati mzuri wa kujadiliana, kwa sababu mkopeshaji amekwisha kulihesabu kuwa hasara na chochote atakachopokea ni nafuu kwake. Nimeshuhudia kamati ngumu kweli kweli zikilegea hapo. Hata hivyo, kabla ya kutoa shilingi moja, pata makubaliano yaliyotiwa sahihi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, la sivyo kitahesabiwa kuwa malipo ya sehemu tu. Ikiwa unadaiwa na benki, kagua pia riba: tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba inayodaiwa izidi salio la mkopo lililokuwapo siku ulipoanza kuhesabiwa kuwa haulipiki.

Baada ya kulipa, omba ripoti yako ya CRB, yaani kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kutoka TransUnion, Metropol au Creditinfo. Rekodi ya kuchelewa inaweza kubaki hapo kwa miaka 5, lakini salio lapaswa kusomeka sufuri. Lisiposomeka hivyo, peleka malalamiko kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya makubaliano na risiti, huku karatasi halisi ukibaki nazo nyumbani.