Mwanangu, umeniuliza kuhusu ubatizo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nakamua, ndiyo maana sikukujibu palepale. Unauliza kama mkimbatiza mtoto huko Dublin mtakuwa mmemuumiza mama mkwe wako, ambaye siku hizi hata kupita mbele ya kanisa hataki, au mngoje mtoto akue achague mwenyewe. Nimekaa nikaliwaza hilo. Kumbe ubatizo siuwazi hata kidogo. Namuwaza yule mama aliyekuwa akituletea maziwa kabla baba yako hajanunua ng'ombe.

Lakini nianze na mkwe mwenzangu. Uliponiambia kwamba alikwenda kufunga viatu vya mtoto kwenye uzio wa vyuma wakati Baba Mtakatifu Fransisko alipofika huko, Agosti 2018, nilikasirika. Nilisema mtu aliyelelewa na Kanisa hawezi kumpokea mgeni namna hiyo. Baba yako akashusha gazeti, akauliza, "Viatu vya nani?" Sikujua. Ndipo ukanieleza kuwa ni kuwakumbuka watoto waliofia kwenye nyumba zilizoendeshwa na watawa, na wale walioharibiwa na mapadri. Ukaniambia pia kwamba mama huyohuyo, mwaka 1979, akiwa msichana, alikuwa Phoenix Park kumwona Yohane Paulo wa Pili pamoja na watu zaidi ya milioni moja. Uwanja uleule, 2018, watu hawakufika hata robo ya wale. Waliobaki nyumbani hawakubaki kwa uvivu, hilo nalikubali sasa.

Kilichonimaliza ni ile habari ya askofu mkuu wao wa zamani. Ripoti ya Murphy iliyotoka Novemba 2009 iliangalia jinsi jimbo kuu la Dublin lilivyoyashughulikia malalamiko ya watoto walioharibiwa na mapadri, ya miaka 1975 hadi 2004, ikakuta walichohangaikia wakubwa ni siri, jina na mali ya Kanisa. Humo mnasimuliwa kuwa waandishi walipomuuliza kama fedha za jimbo zimelipia fidia, yeye alijibu kwamba fedha za jimbo hazitumiki kwa kazi hiyo. Baadaye akajitetea kuwa hakudanganya: alisema "hazitumiki", hakusema "hazikutumika". Mwanangu, mimi nimefundisha Kiswahili darasa la tano miaka ishirini na sita. Nimewatilia watoto wa watu wino mwekundu kwa kuchanganya nyakati. Sikujua kwamba wakati uliopo unaweza kumficha mtu mzima na joho lake.

Wajua ninavyosema siku zote: padri ni mgeni, parokia ni ya wenyeji. Mapadri wanakuja, wanahamishwa, sisi tunabaki na makaburi yetu na deni la bati. Kwa maneno hayo nimetuliza watu wengi. Mtu akija na hasira zake kuhusu padri fulani, namwambia huyo ni mgeni tu, imani yako usiihusishe naye. Ila siku hizi neno hilo linanigeukia. Kama parokia ni yetu, basi na yaliyotendeka humo ni ya nani?

Mwaka 1994 wewe ulikuwa darasa la pili. Jumamosi ile jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilisali kwetu, saa kumi na mbili asubuhi, nawe ulikuwa umelala chumba cha nyuma. Tumesoma Injili, tumetoa nia, mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Mama wa maziwa akasimama. Ameshika kile kidumu chake cha njano, kifuniko amekikazia kipande cha nailoni. Akasema naomba jumuiya inisaidie, mwanangu anayetumikia altareni hataki tena kuingia kanisani, usiku analia, na anasema padri alipokuwa akimwita kule nyumbani kwake... Hapo akakwama. Alikuwa anatafuta neno. Kwa Kiswahili halikuja, na kwa Kichaga nadhani alikuwa nalo ila halitamkiki mbele ya wakwe. Watu wote wakainamia sakafu. Mwenyekiti akanitazama mimi.

Sauti yangu unaijua. Nikaanzisha wimbo wa Bikira Maria. Wakaudaka wote, kwa nguvu kuliko siku yoyote, tukaimba beti zote nne. Tulipomaliza alikuwa amekaa, kidumu kiko miguuni. Tukafunga kwa sala, nikagawa chai.

Nimejitetea sana juu ya wimbo ule. Nimejiambia nilimwokoa na aibu. Nimejiambia hatukuwa na ushahidi, na kusingizia ni dhambi. Na hilo si uongo! Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya huko kwenu ilimtangaza padri mmoja Mwairishi kuwa alimnajisi binti na kuzaa naye alipokuwa Kenya. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha mtoto si wake, televisheni ikaomba radhi na kumlipa. Kwa hiyo wapo wanaosingiziwa. Nilimpigia baba yako kelele kwa mfano huo mwezi mzima. Akanijibu mara moja tu: "Yule alisikilizwa mpaka akapimwa. Huku nani alipima?"

Padri yule alihamishwa kabla ya Krismasi. Hatukuambiwa sababu, hatukuuliza. Tukamwandalia sherehe ya kumuaga, ndafu, keki na vitenge, kila kaya shilingi 500, na mweka hazina nilikuwa mimi. Mama wa maziwa alileta mchango wake Ijumaa alfajiri. Noti imekunjwa mara nne, ina unyevu. Ningeweza kumwambia, dada, wewe acha. Niliandika jina lake kwenye daftari, nikaweka tiki, nikamkatia risiti.

Kijana wake unamkumbuka, ndiye aliyekufundisha baiskeli kwenye ile njia ya kwenda kiwanda cha kahawa. Alikwenda Mererani kwenye madini. Wewe mwenyewe wajua Desemba milimani kwetu ilivyo, hata aliyefilisika anarudi. Yeye hajawahi kurudi kula Krismasi kwao.

Mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo duniani liweke utaratibu wa kupokea malalamiko ya namna hii. Nikafurahi, nikamsomea baba yako. Akasema utaratibu tulikuwa nao tangu 1994, ulikuwa sebuleni kwetu. Siku hiyo sikumpikia.

Sasa utaona kwa nini mama mkwe wako siwezi tena kumlaumu. Yeye alifunga viatu. Sijui kama amefanya vizuri kuacha sakramenti, hapo bado namgombeza moyoni, na nikikutana naye nitamwambia padri ni mgeni. Ila kuhusu viatu, mwambie nimenyamaza.

Desemba iliyopita nilichuma jani la sale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikalifunga fundo kama alivyokuwa akifanya bibi yako, nikashuka hadi kwa mama wa maziwa. Nilifika getini. Nikakumbuka kwamba kwetu ukiletewa sale huwezi kukataa, ni lazima usamehe. Nikaona nakwenda kumlazimisha mtu kwa mara ya pili. Nikalificha ndani ya kanga. Alinikaribisha ndani, akanipa maziwa mgando, tukazungumza bei ya kahawa na magoti yetu. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye mfereji. Aliniambia siku hizi jumuiya yao haina mtu wa kuanzisha nyimbo.

Sijui alikuwa na maana gani. Nimemuuliza baba yako, amesema niende nikamuulize mwenyewe.

Kuhusu mtoto, nimejiapiza sitakuambia mbatizeni wala msimbatize, ingawa ulimi unaniwasha. Muulize mama mkwe wako. Umuulize, halafu umwache amalize kusema. Gauni lako la ubatizo nililitoa kwenye sanduku jana, lina doa dogo la kutu begani kwenye kifungo. Nimelifua kwa ndimu. Mvua haijatupa jua tangu Jumatatu, kwa hiyo bado liko kwenye kamba jikoni.

Mama yako